Maswali ya Wasomaji: Meneja Alisomaje Ujumbe Wangu wa WhatsApp?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya usafirishaji jijini Dar es Salaam. Kwa kuwa wateja wengi hututumia risiti kwa WhatsApp, nimeifungua ya kwangu kwenye kompyuta ya ofisi, na huiacha wazi ninapokwenda kula. Mwezi uliopita meneja aliniita, akanisomea neno kwa neno ujumbe niliomwandikia dada yangu kuhusu mishahara kucheleweshwa. Nilidhani WhatsApp hufunga ujumbe asiusome mtu mwingine. Je, meneja ana haki hiyo? Na yale tunayoandikiana wawili wawili kwenye Teams ya ofisi, nayo yanasomwa? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa fedheha hiyo. Ni kweli kwamba tangu Aprili 2016 WhatsApp hufumba ujumbe wa watumiaji wake wote, hata kampuni yenyewe isiweze kuusoma ukiwa njiani. Lakini ufumbaji huo hulinda safari tu. Ujumbe ukishatokea kwenye kioo cha kompyuta huwa umekwisha kufumbuliwa ili wewe uusome, na yeyote aliyekaa kwenye kiti chako, au aliyeweka humo programu ya kupiga picha kioo na kunasa herufi unazobonyeza, anausoma vilevile. Kompyuta ikiwa ya kampuni, mamlaka ya kuweka programu za namna hiyo yako mikononi mwa watu wa Tehama, si mwako.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria sheria, fungua WhatsApp kwenye simu yako na uingie sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Utaona kila kompyuta iliyounganishwa na lini ilitumika mara ya mwisho. Iguse ile ya ofisini, kisha uiondoe. Ukikuta kifaa usichokitambua, kiondoe pia na ubadilishe namba ya siri ya simu, kwa sababu aliyekiunganisha kwa kawaida alilazimika kuishika simu yako ikiwa imefunguliwa. Hilo hutokea hata nyumbani, baina ya mume na mke, na ni mara chache mtu hukumbuka kuitazama orodha hiyo.

Sasa tuje kwenye haki. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe mhusika kwanza na kumweleza madhumuni. Meneja atasema kompyuta ni mali ya kampuni, na hapo hakosei. Kampuni inaweza kukataza mambo binafsi wakati wa kazi. Ila kukataza ni jambo moja, na kusoma barua ya mtu kwa dada yake ni jambo jingine.

Tofauti hiyo ilipimwa vizuri katika kesi ya Bogdan Bărbulescu, mfanyakazi wa Romania aliyefukuzwa mwaka 2007 baada ya mwajiri wake kunasa mazungumzo yake ya Yahoo Messenger, yakiwemo aliyoandikiana na kaka yake na mchumba wake, na kuyachapa kurasa 45. Alikuwa ameambiwa kwamba matumizi binafsi hayaruhusiwi. Hata hivyo, tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kwa kura 11 dhidi ya 6, kwamba faragha yake haikulindwa ipasavyo, kwani hakuwa ameelezwa mapema kiasi na namna ya kufuatiliwa, wala mahakama za nchini mwake hazikupima kama palikuwa na sababu ya kutosha. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini maswali yake ndiyo ninayotaka umuulize mwajiri wako: nilijulishwa lini, kwa maandishi gani, na kwa sababu ipi?

Yaulize kwa barua kwenda Idara ya Rasilimali Watu, na ubaki na nakala. Usipojibiwa, malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mambo yakifikia kuachishwa kazi, unazo siku 30 tu za kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo usikae ukisubiri huruma.

Kuhusu Teams, jibu ni ndiyo. Akaunti ni ya ofisi, na msimamizi aliyepewa ruhusa anaweza kutafuta hata mazungumzo ya watu wawili. Kampuni ikiwa imeweka utaratibu wa kuhifadhi kumbukumbu, ujumbe ulioufuta hubaki. Malalamiko ya mshahara yasipite humo.

Risiti za wateja nazo zitafutiwe simu na laini ya ofisi. Si haki namba yako binafsi iwe kaunta ya kampuni.

SWALI: Ofisi inataka niweke barua pepe ya kazi kwenye simu yangu mwenyewe ya Android. Wataona picha zangu na WhatsApp yangu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Inategemea namna watakavyoiweka. Waombe wakutengenezee wasifu wa kazi, ambao hutenga programu za ofisi na kuzitia alama ya mkoba. Msimamizi huitawala na anaweza kuifuta sehemu hiyo, lakini haoni picha wala ujumbe wa upande wako. Kuna mipangilio mingine inayompa uwezo wa kufuta simu nzima, kwa hiyo soma kila ruhusa inayoombwa kabla ya kukubali. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 zinakupa nguvu ya kudai maelezo hayo. Mwisho, hakikisha nakala za mazungumzo yako ya WhatsApp zinahifadhiwa kwenye akaunti yako ya Google, si ya ofisi, na uwashe ufumbaji wa nakala hizo, kwa maana haujiwashi wenyewe. Nenosiri lake liandike mahali salama. Ukilipoteza, WhatsApp haiwezi kukurudishia.