Ulimi wa obo: maswali yenu

Kwa mgeni wa safu hii: obo ni ala ya kupulizwa, na ulimi wake ni vile vipande viwili vya tete vilivyofungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha shaba, vikakwanguliwa kwa kisu mpaka vikawa vyembamba. Ndugu wa ulimi wa zumari, basi.

Swali: Mwalimu ananikataza kujaribu ulimi mpya moja kwa moja kwenye obo. Kuna shida gani?

Obo huficha ubovu. Loweka ulimi dakika mbili tatu, utie mdomoni mpaka midomo iguse uzi, kisha upulize bila kuubana. Usikilize unavyokoroma. Kwa mtindo wa Kimarekani wa kukwangua, aliouasisi mpiga obo Marcel Tabuteau kule Philadelphia, unataka noti mbili za C kwa pamoja, ya juu na ya chini yake. Ikisikika ya juu tu, ulimi bado mgumu. Ukisikia fujo tupu, umekwangua kupita kiasi. Mtindo wa Ulaya wa mkwanguo mfupi haudai C hizo, kwa hiyo uliza kwanza ulimi wako ni wa wapi.

Swali: Noti za chini zinagoma. Nikwangue wapi?

Weka kisu chini! Ziba tundu la chini la kijibomba kwa kidole, pulizia juu, na uuweke ubavu wa ulimi karibu na shavu. Ukihisi kaupepo, unavuja ubavuni, na hakuna kisu kitakachoponya hilo. Zungusha kipande cha ule utepe mweupe wa mafundi bomba juu kidogo ya uzi. Mimi nilishaua ndimi nne kwa kisu kabla ya kujua kwamba zote zilikuwa zinavuja tu.

Ikiwa hauvuji, ndipo upunguze mgongoni, yaani sehemu ya karibu na uzi, kushoto na kulia sawasawa. Moyo wa ulimi, pale katikati, usiuguse mpaka umeishiwa mbinu.

Swali: Sauti yangu iko chini ya wenzangu kwa tuni, si kwa nguvu.

Kata ncha, unene wa unywele, ujaribu. Ukikata, sauti hupanda lakini ulimi nao hukaza, hivyo ncha itataka kulainishwa tena.

Swali: Mtoni kwetu matete yamejaa. Kwa nini tuagize Ufaransa?

Nimeshaulizwa hili mara nyingi, na ni swali zuri. Tete la obo ni Arundo donax, na la jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa, ndilo linalosifiwa zaidi. Mengi ya mitoni kwetu ni jamii ya Phragmites, yana kuta nyembamba. Fundi anataka bomba la kipenyo cha milimita 10 hivi, lenye ukuta mnene wa kutosha kuchongwa ndani hadi ubaki unene wa milimita 0.6 katikati. Ukiokota tete, lipasue, ulipime ukuta. Likifika milimita moja na ushee, niandikie.