Umetunza ghala la chai miaka sita. Usomee nini sasa?

Ndugu yangu, umeeleza kwamba umetunza ghala la kiwanda cha chai huko Mufindi kwa miaka sita, kwamba wenzako watatu wamepunguzwa msimu huu, na unauliza usomee nini ili nawe usije ukakosa kazi. Kabla ya kulipa ada popote, andika kwanza unachofanya kwa siku moja, kwa sababu hicho unachokiita "kutunza ghala tu" ni kazi kadhaa: kupokea mzigo na kuulinganisha na hati yake, kujaza leja, kutoa kwanza shehena iliyotangulia kuingia, na kuhesabu mwisho wa mwezi mpaka upungufu wa gunia moja upate maelezo. Kazi hizohizo zinafanyika penye kufungashia parachichi Njombe, kwenye viwanda vya mbao Mafinga na katika maghala ya Tunduma mpakani.

Pengo ninaloliona kwako ni kompyuta. Leja ya mkono sijaidharau, maana umeme ukikatika ndiyo inayotuokoa, lakini jifunze lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu kama Excel, kwa kuingiza kadi za bidhaa zako kumi tu, zile zinazoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kila jioni, hadi salio la kompyuta lilingane na la leja. Baada ya hapo ulizia mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, kwa kuwa cheti chake kinatambulika nchi nzima. Barua ya msimamizi inayotaja majukumu yako iombe sasa, ungali kazini.