Anza na Gari, Si na Buibui: Kupima Hatari ya Jengo Lako Mombasa

Kazi yangu ni kusimamia majengo. Nilianza na hoteli pwani ya kaskazini, na sasa niko na jengo la ofisi na maduka hapa kisiwani. Kila linapotokea shambulizi mahali, wenye majengo wananipigia simu, na swali huwa lile lile: ninunue mashine gani? Mimi huwaambia waweke pesa mfukoni kwanza. Toka nje, vuka barabara, simama upande wa pili ulitazame jengo lako, kisha ujiulize swali moja: gari linaweza kulifikia kwa ukaribu gani?

Naanza na gari kwa sababu ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Mtu mwenye bunduki au guruneti anaweza kuua watu wengi, na hilo tumeliona kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Lakini kuangusha jengo zima kwa dakika moja kunahitaji uzito ambao mtu hawezi kuubeba mgongoni. Tarehe 7 Agosti 1998 lori lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Mlinzi alikataa kufungua kizuizi cha maegesho, na kukataa kwake hakukwenda bure, ila lori lilikuwa limeshakaribia mno. Watu 213 walikufa, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao katika majengo ya jirani. Jengo la Ufundi lililokuwa kando ndilo lililoporomoka. Asubuhi hiyo hiyo Dar es Salaam, lori la maji lilikuwa langoni mwa ubalozi wa Marekani likaziba njia, na gari la bomu halikufika ukutani. Huko walikufa watu 11. Kila roho ni roho, na tofauti ya miji ile miwili ilikuwa na sababu nyingi, lakini nafasi kati ya gari na ukuta ni mojawapo.

Wimbi la mlipuko hudhoofika haraka sana linapoenda mbali. Ukiongeza umbali maradufu, nguvu inayokufikia inapungua kwa zaidi ya nusu, na kadiri unavyokuwa karibu na mlipuko ndivyo kila mita inavyozidi kuwa na thamani. Kwa hiyo mita chache ulizozigeuza maegesho ya wageni wa heshima, pale mlangoni kabisa, ndizo za kwanza kuzirudisha. Hamisha magari upande wa mbali. Weka nguzo fupi za zege zilizozama ardhini, au vitanda vya maua vya zege, vizito. Mapipa yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe hayazuii gari, yanamwonyesha dereva njia tu.

Najua jibu la wengi: jengo langu liko Barabara ya Digo, au liko Mji wa Kale, nafasi nitaitoa wapi? Ni kweli. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale hakuna mita ya kurudisha, ingawa wembamba wenyewe wa njia unazuia lori. Kwenye barabara kubwa zungumza na kaunti kuhusu maegesho yanayogusa ukuta wako, na zungumza na majirani, maana bomu haliulizi hati ya kiwanja ni ya nani. Ukishindwa kupata nafasi, nguvu zako zote zihamie kwenye vioo.

Vioo nataka nivikalie kidogo, kwa sababu watu wanavipuuza. Siku ile ya 1998 kulisikika milio kwanza, na watu katika majengo ya jirani wakakimbilia madirishani kuchungulia kuna nini. Ndipo bomu lenyewe likalipuka. Wengi walipoteza macho kwa vipande vya vioo, wakiwa hata hawamo ndani ya jengo lililolengwa. Mafunzo mawili yanatoka hapo. La kwanza halina gharama: wafundishe watu wako kwamba wakisikia mlio wa risasi au mlipuko, waondoke dirishani na walale chini nyuma ya ukuta, wasiende kutazama wala kupiga picha. La pili lina gharama, lakini si kubwa kama ya mashine: mafundi wa vioo wanabandika plastiki nzito inayofanana na tinti, ambayo hushikilia vipande kioo kinapovunjika. Ukijenga upya, chukua kioo cha tabaka mbili chenye plastiki katikati. Anza na mapokezi na vyumba vinavyotazama barabara. Na kama meza ya karani imegeuzwa mgongo kwenye dirisha kubwa la mbele, isogeze leo.

Sasa geti. Nenda ukakae hapo saa moja bila kusema neno. Mimi nilipofanya hivyo mahali fulani, nilimwona askari akisukuma kile kioo chenye magurudumu chini ya kila gari. Kioo kilikuwa na vumbi kiasi kwamba hakikuonyesha hata sufuria ya injini. Alikipitisha upande mmoja, akapiga bodi kofi mbili, gari likapita. Nikamuuliza, "Mzee, ukiona kitu usichokielewa hapo chini, unafanya nini?" Akafikiri, akaniambia, "Bosi, sijawahi kuambiwa." Alikuwa amesimama kutwa nzima kwenye jua la Mombasa, bila kivuli na bila redio. Sheria ya mwaka 2016 ya ulinzi wa kibinafsi inataka askari wasajiliwe na wapewe mafunzo. Mwenye jengo anayekubali zabuni ya chini kuliko zote asishangae akiletewa mtu ambaye hajafunzwa na halipwi akashiba. Mpe kivuli, maji, redio, na namba ya mtu mmoja anayeruhusiwa kumpigia hata kwa wasiwasi tu. Mwambie mbele ya wenzake kwamba hatafukuzwa kwa kumzuia tajiri.

Na hapa nasema jambo linaloniuma. Kwenye mageti mengi ya mji huu upekuzi ni wa sura. Mama wa buibui anasimamishwa, kijana mwenye kanzu na ndevu anageuzwa geuzwa, na gari kubwa jeusi lenye mzungu au mheshimiwa linapigiwa saluti. Huo si ulinzi. Unawadhalilisha wateja wako na majirani zako, unawafunga midomo watu ambao wangekuwa wa kwanza kukuletea habari, na unamfanya askari aangalie nguo badala ya kuangalia mwenendo. Mfundishe aangalie vitendo: gari lililoachwa mahali lisipotakiwa na dereva akaondoka kwa haraka, mtu anayerudi siku baada ya siku kuuliza askari wanapokezana saa ngapi, anayepiga picha za kamera na milango ya nyuma. Ajiri askari wa kike, na mpime kila anayeingia kwa kipimo kimoja. "Samahani mama, dada huyu atakupekua, karibu upite huku," haichukui muda, na mama anapita na heshima yake.

Angalia pia saa. Hatari ya jengo haiko sawa kutwa nzima. Tarehe 28 Novemba 2002, pale Kikambala, gari la bomu lilivunja kizuizi cha hoteli ya Paradise wageni walipokuwa wamewasili tu na wacheza ngoma wakiwa mbele kuwapokea. Wakenya 10 na Waisraeli watatu waliuawa, na moto ukaiteketeza hoteli. Katika wale Wakenya walikuwamo wacheza ngoma wenyewe. Kwa hiyo jiulize ni saa ngapi watu wako wanarundikana sehemu moja: basi la watalii linapofika, Ijumaa wanapotoka msikitini, Jumapili kanisani, jioni maofisi yanapofungwa. Saa hizo ndizo za kuongeza askari na kufunga njia ya magari. Na foleni ndefu ya kupekuliwa nje ya mlango ni mrundikano mwingine uliouunda mwenyewe, kwa hiyo ongeza njia za kuingilia watu wakiwa wengi. Kama paa ni la makuti, mpango wa moto ushughulikie kabla ya mpango wa bomu.

Kamera zinasaidia uchunguzi baadaye. Hazizuii mtu, hasa skrini yake ikiwa inatazama ukuta.

Majengo mengi ya Mombasa hayalengwi na mtu yeyote, nashukuru Mungu, na ukimwogopesha kila mpangaji utakuwa umemfanyia kazi adui. Lakini moto na fujo havichagui, na karibu kila nililolitaja linasaidia huko pia. Ndiyo maana mlango wa dharura ndio nauona jaribio la kweli la mwenye jengo. Nimekuta milango hiyo imefungwa mnyororo na kufuli ili vibarua wasitoroke na bidhaa, ngazi zake zimejaa maboksi na jenereta kuukuu. Westgate wapo walioponea milango ya nyuma. Toa kufuli, weka komeo linalofunguka kwa kusukuma kutoka ndani, na kengele ikiwa unaogopa wizi.

Kisha fanya zoezi, siku ya kazi, bila kutangaza saa. Mahali pa kukusanyikia pawe mbali na vioo na mbali na magari, na pawe na pa pili endapo pa kwanza hapafikiki. Namba za 999 na 112 ziandikwe mapokezi na kwenye kibanda cha askari. Orodha ya wapangaji na wafanyakazi wa kila siku isikae mapokezi tu, nakala nyingine awe nayo askari wa geti, ili walio nje wajue ni nani bado yuko ndani.