Kitufe cha kuongeza picha hakifungui dirisha kwenye WordPress

Ndugu yangu, umeeleza kwamba ukibonyeza kitufe cha kuongeza picha katika kihariri cha WordPress hakuna dirisha linalofunguka, ingawa maandishi yanahifadhiwa vizuri. Dalili hiyo mara nyingi hutokana na mgongano wa JavaScript (msimbo unaoendeshwa na kivinjari), yaani programu-jalizi (plugin) mojawapo, au mandhari (theme) unayotumia, inavuruga msimbo unaokiendesha kitufe. Kwa hiyo usianze kuhangaika na ukubwa wa picha wala ruhusa za folda ya uploads, kwa kuwa matatizo hayo hujitokeza baada ya dirisha kufunguka, unapopakia faili lenyewe.

Ukiwa kwenye ukurasa huo, bonyeza F12, nenda kwenye konsoli (Console), sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa ya ukurasa, pakia ukurasa upya, kisha usome mistari myekundu. Ukiona njia yenye wp-content/plugins, jina la folda linalofuata ndilo la programu-jalizi ya kushukiwa kwanza. Mimi nilipoteza siku mbili kabla ya kuutazama mstari huo, na chanzo kilikuwa programu-jalizi ya slaidi iliyokaa muda mrefu bila kusasishwa. Izime, ujaribu tena.

Ikiwa konsoli inataja load-scripts.php tu, yaani faili linalounganisha misimbo mingi pamoja, weka define('CONCATENATE_SCRIPTS', false); ndani ya wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, juu ya mstari unaoita wp-settings.php, ili kila faili lipakiwe peke yake na kosa lionekane lilipo. Tafadhali chukua nakala ya wp-config.php kabla ya kuigusa, maana nukta-mkato moja ikikosekana, tovuti nzima inaweza kuacha kufunguka.