Fuatilia ombi moja kabla ya kuingia Laravel

Ndugu, umeuliza kama uanze moja kwa moja na Laravel, kiunzi cha kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya PHP, ilhali bado hujui msimbo upi ukae kwenye modeli, upi kwenye mwonekano na upi kwenye kidhibiti, zile sehemu tatu za mpangilio uitwao MVC. Ningekushauri usiikimbilie. Andika kwanza programu ndogo ya maktaba kwa PHP tupu, kisha ufuatilie ombi moja tangu kivinjari kinapoomba /vitabu/7: kidhibiti hupokea namba 7 na kuiomba modeli kitabu hicho, modeli hukitafuta katika hifadhidata, na mwonekano hupokea data iliyokwisha kuandaliwa na kuigeuza kuwa HTML. Ukijikuta unaandika SELECT (amri ya kusoma data katika hifadhidata) ndani ya faili la HTML, au unakokotoa faini ya ucheleweshaji ndani ya kidhibiti, ihamishie kazi hiyo kwenye modeli, kwa sababu kanuni hiyohiyo itahitajika siku utakapotengeneza programu ya simu. Mpangilio huu wa MVC, alioubuni mwanasayansi wa kompyuta Trygve Reenskaug mwaka 1979 akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, uliutangulia wavuti, kwa hiyo usishangae maelezo ya zamani yakitofautiana na ya Laravel. Kitabu kikishaonekana, ongeza fomu ya kukihariri, nawe uhakiki kila kinachoingizwa kabla ya kukihifadhi.