Kabla hujaweka puli ndogo kwenye supachaja

Wenye magari ya supachaja (pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) huniuliza sana: "Sasa hivi napata psi 6, nikipanda hadi 10 injini itahimili?" Psi ni kipimo cha presha, na hiyo 6 ni busti, yaani presha inayozidi ile ya hewa ya kawaida; puli ndogo huipandisha kwa kuizungusha supachaja haraka zaidi. Mimi huwarudishia swali: hewa zaidi inadai mafuta zaidi, je, nozeli zinazonyunyiza mafuta na pampu yake zina akiba kiasi gani? Wengi hawajawahi kupima.

Hesabu inavutia, sikatai. Usawa wa bahari, presha ya hewa ni takriban psi 14.7. Ukijumlisha na busti, kutoka 20.7 hadi 24.7, kwenye karatasi hewa inaongezeka kwa karibu asilimia 19. Ila hewa ikibanwa hupata moto, na ikipata moto hupungua uzito, hivyo sehemu ya faida hiyo inapotea kabla ya kufika kwenye silinda. Supachaja za Roots (aina inayosukuma hewa bila kuibana ndani yake) huathirika zaidi presha ikipanda. Zile za skrubu pacha, zinazoibana hewa ndani yake, huvumilia. Na kumbuka krankshafti (mhimili mkuu wa injini) ndiyo inayoizungusha supachaja, kwa hiyo sehemu ya nguvu mpya inaliwa hapo hapo.

Chukua puli ya krankshafti ya mm 180 na ya supachaja ya mm 90. Injini ikifika mizunguko 6,500 kwa dakika, supachaja iko 13,000. Weka puli ya mm 75, inakwenda 15,600. Soma kikomo cha mtengenezaji kabla ya kulipia chochote. Puli ndogo pia inashikwa na mkanda sehemu ndogo zaidi, mkanda unateleza, na geji ya busti inashuka huko juu ambako ulitegemea ipande.

Lakini kinachoua injini ni noki. Mchanganyiko wa hewa na mafuta uliobaki pembeni ya silinda unajiwasha kabla moto wa plagi haujaufikia, na pistoni inapasuka kwenye mifereji ya ringi. Usitegemee masikio, mluzi wa supachaja unaweza kuficha kila kitu. Injini yenye mgandamizo wa 11:1, yaani inayobana mchanganyiko huo mara 11, ina nafasi ndogo sana ya kuongeza busti kuliko ya 8.5:1.

Petroli huungua sawasawa kwa uwiano wa 14.7:1, hewa kwa mafuta kwa uzito (kufanana na ile psi 14.7 ya usawa wa bahari ni bahati tu). Ukikanyaga mafuta hadi mwisho ukiwa kwenye busti, mimi hulenga kati ya 11.5 na 12. Nozeli zikikaribia kukaa wazi asilimia 85 ya muda, puli ndogo isubiri nozeli kubwa.

Kwa gari la kwenda kazini kila siku, ningeanza na intakula (kipoza hewa ya busti) bora na ekzosi inayopumua. Ukifungua ekzosi, geji inaweza kuonyesha psi pungufu huku nguvu imeongezeka, kwa sababu psi unayoisoma ni hewa iliyokwama kuingia. Wapenda namba hawapendi kusikia hilo.

Psi 10 naikubali kwa mwenye pistoni za kufua (imara kuliko za kawaida), petroli ya okteni ya juu kila anapojaza, na fundi wa kupanga upya kompyuta ya injini. Hata huyo, baada ya kubadilisha puli, arekodi joto la hewa inayoingia, uwiano wa mafuta na taiming (wakati plagi inapotoa cheche). Kompyuta ikianza kurudisha taiming nyuma ili kukwepa noki kila anapokanyaga, arudishe puli ya zamani: huenda gari likakimbia zaidi na psi zake 6.