Kabla Hamjapaka Rangi Pipa la Kwanza

Wadogo zangu mnaotaka kuanzisha urejelezaji wa taka chuoni kwenu hapa Tanga, nawaomba mapipa yasubiri kwanza.

Sisi tulianza na mapipa. Tulichangishana, tukanunua matatu, tukayapaka bluu, kijani na njano, tukapiga picha na mshauri wa wanafunzi. Wiki haijaisha, pipa la karatasi lina wali maharage, la chupa lina maganda ya machungwa, na la tatu limepinduliwa, vijana wa bweni wanalikalia wakicheza bao. Gari la taka lilipokuja likazoa vyote pamoja, likaenda navyo dampo.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa la mama mmoja wa usafi. Kumbe miaka yote alikuwa akiokota chupa kimyakimya, anazijaza kwenye kiroba nyuma ya mabafu, na Ijumaa jioni anamuuzia jamaa wa guta. Hatukujua kwa sababu hatukuuliza. Asubuhi moja akaniita pembeni, ufagio mkononi: “Mwanangu, hayo mazingira yenu ni mazuri. Sasa na chupa zangu je?” Sikuwa na pa kuuficha uso.

Tulikwenda kumwomba radhi, tukakubaliana. Stoo ikawa yake, funguo akashika yeye, na mauzo tukawa tunagawana, fungu lake likiwa kubwa. Wapo wenzetu waliolalamika kwamba mradi ni wa wanafunzi. Wengi wao hawakuwahi kuinama kuokota hata kizibo.

Kwa hiyo ulizeni kwanza nani anaokota tayari, anamuuzia nani, na mnunuzi anachukua nini. Wa kwetu alitaka chupa za maji, maboksi na vyuma chakavu. Pakiti za biskuti na krispi hakuzitaka hata za bure, maana ile nailoni yake na kile king'aacho kwa ndani vimegandana, huwezi kuvitenganisha. Soda za kioo achaneni nazo, zina kreti zake na mwenye duka anazisubiri. Mifuko ya plastiki ya kubebea, tangu marufuku ya Juni 1, 2019, haiwasumbui sana.

Jamaa wa guta ndiye aliyetufundisha kuchambua. Alikata kipande cha chupa ya maji kwa kisu, akakitia ndani ya ndoo ya maji pamoja na kizibo chake. Kipande kikazama. Kizibo kikaelea. “Mnaona? Hizi plastiki mbili, hazipikwi chungu kimoja.” Tangu siku hiyo vizibo tukaviwekea dumu lake, na mtu akibisha tunamletea ndoo.

Msihesabu fedha kwa macho. Chupa ya nusu lita ina gramu kati ya 10 na 20 hivi, kwa hiyo kilo moja inameza chupa 50 na zaidi. Mara ya kwanza tulipeleka viroba vitano vimejaa pomoni, tukijiona matajiri, mizani ikasoma kilo 7. Tulikuwa tumebeba hewa. Fungua kizibo, ikanyage chupa, ndipo uitie kirobani. Na nunueni mizani yenu ya kuning'iniza, hata ya mtumba. Sisemi wanunuzi ni wezi, ila mwenye mizani yake haibiwi akiangalia.

Chupa ya juisi isuuzwe, la sivyo sisimizi watahamia stoo kabla yenu. Maboksi yainuliwe juu ya vipande vya mbao. Masika ya hapa hayana huruma, na boksi lililoloa mnunuzi halitaki.

Kibali chukueni kwa maandishi, mpeleke na nakala kwa serikali ya wanafunzi. Hilo halina maelezo marefu.

Lenye maelezo ni likizo. Mradi wetu haukufa kwa kukosa chupa, ulikufa Julai. Mitihani ikaisha, wa mwaka wa mwisho wakaondoka, wengine wakaenda mafunzo kwa vitendo, na daftari la mauzo likabaki kwenye begi la mtu aliyekwisha fika Lushoto. Tuliporudi tulikuta stoo imefagiwa, viroba vimekunjwa, na yule mama bado anauza kila Ijumaa kama zamani. Hesabu zake zilikuwa ukutani, kwa mkaa, safi kuliko zetu. Tukaanza upya kwa kunakili za kwake.